Uzi: Mtoto aliyekuwa akimeza vitabu, akifika miaka 12 anaviacha. Ni nani aliyemfukuza?

#1 Mzazi Msomaji

Salaam wanajukwaa. Nina kijana wa miaka 13 ambaye hadi alipotimiza miaka 10 alikuwa akisoma kila kilichoandikwa, kuanzia hadithi za watoto hadi maelezo ya nyuma ya boksi la dawa ya meno. Leo hii kitabu nilichompa siku yake ya kuzaliwa kina miezi minne kando ya kitanda, na tiketi ya basi aliyoitia kama alama iko ukurasa wa 46 tangu wiki ya kwanza. Ninajua hivyo kwa sababu huwa ninakifungua ninapotandika kitanda chake, jambo ambalo ninaona haya kulikiri hapa.

Kila ninayemwuliza hunijibu neno moja tu: simu. Mimi sikubali. Dai langu ni kwamba sisi watu wazima ndio tuliomfukuza kitabuni, na simu ilimkuta ameshasimama nje. Alipokuwa mdogo nilimsomea kila usiku. Siku alipoweza kusoma mwenyewe bila kukwama nilifurahi sana, nikajistaafisha. Tangu hapo, kila nilipomwona na kitabu nilimwuliza kinahusu nini, amefika wapi na amejifunza nini. Yaani niliacha kuwa mwenzake wa hadithi nikawa mkaguzi wake. Leteni hoja, zikiwemo za kunipinga.

#2 Nyuki Mkavu

Ndugu mleta uzi, unajitwisha mzigo usio wako. Kitabu kinamtaka msomaji avumilie kurasa 15 au 20 za mwanzo, ajifunze majina ya watu na mahali, kabla hajaanza kulipwa. Simu inamlipa papo hapo. Mtoto wa miaka 10 hakuwa na simu, wa miaka 13 anayo. Kwa nini tutafute mchawi wakati nyayo zake ziko mlangoni?

#3 Takwimu Tu

Nyuki Mkavu, simu inastahili lawama yake, ila tarehe hazikuungi mkono kikamilifu. Upimaji wa PISA, yaani mtihani wa kimataifa unaowahusu wanafunzi wa miaka 15, uliwauliza kuhusu kusoma kwa kujifurahisha mwaka 2000 na tena mwaka 2009. Katika nchi za OECD, umoja ambao wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ambazo takwimu zake zinalinganishika, waliosema kwamba husoma kwa kujifurahisha walishuka kutoka asilimia 69 hadi 64. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007, na mwaka 2009 watoto wengi walikuwa bado hawajamiliki simu ya aina hiyo. Kwa hiyo mteremko ulikuwa umeshaanza. Ni kweli pia kwamba uliendelea, kwani mwaka 2018 karibu nusu ya wanafunzi waliohojiwa katika nchi hizo walisema husoma pale tu wanapolazimika.

#4 Nyuki Mkavu

Ahsante kwa takwimu, lakini kati ya mwaka 2000 na 2009 watoto walikuwa na televisheni, michezo ya kompyuta na intaneti ya nyumbani. Umebadilisha jina la mshtakiwa, hukumwachia huru. Kioo ni kioo tu.

#5 Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa lugha, na ninaomba niingie kizimbani kwa hiari yangu. Kwa miaka sita niliwapa wanafunzi wangu daftari la usomaji. Kila kitabu walichosoma nyumbani waliandika jina la kitabu, wahusika wakuu, muhtasari wa aya moja na mafunzo matatu. Niliamini kwamba ninawajengea mazoea. Mwaka mmoja nikakuta madaftari manne yenye muhtasari unaofanana, na yote manne yamemtaja mhusika kwa jina ambalo halimo ndani ya hadithi. Nilipolichunguza jalada la nyuma nikaona mchapishaji alikosea jina la mhusika huyo. Watoto wanne walikuwa wamesoma jalada, wakaandika mafunzo matatu, na mimi nikawapa alama za vyema.

Kilichoniuma si udanganyifu wao. Kilichoniuma ni kwamba mmoja wa wale wanne alikuwa msomaji wa kweli. Nilipomwuliza, alinieleza bila kiburi kwamba vitabu anavyovipenda haviandiki daftarini, kwa sababu akishaviandikia mafunzo matatu vinakuwa kama vya shule. Mmarekani Louise Rosenblatt, aliyeandika sana juu ya usomaji wa fasihi, alitofautisha mwaka 1978 kati ya kusoma ili kubeba taarifa na kuondoka nazo, na kusoma ili kuishi ndani ya maandishi wakati unayasoma. Daftari langu liliwafundisha ule wa kwanza tu, kisha nikashangaa kwamba hawaupendi wa pili. Kwa hiyo mleta uzi, ile "umejifunza nini" yako ninaifahamu vizuri, kwa sababu mimi niliipigia mistari kwa rula.

#6 Mama Pacha

Ninawasikiliza, lakini nyumba yangu inawakanusha nyote. Nina mapacha, wote wavulana. Wamelala chumba kimoja, wamesomewa hadithi zilezile na mtu yuleyule kwa sauti ileile, wamefundishwa na walimu walewale, na simu walipewa siku moja. Mmoja hawezi kulala bila kusoma, na mwingine ukimpa kitabu anakishika kama anayesubiri mwenye nacho aje akichukue. Kama kosa ni la mzazi, mwalimu au simu, mbona limempata nusu tu?

Nyongeza ndogo: huyu asiyesoma anajua kila roketi iliyowahi kurushwa, mwaka wake, uzito wake na sababu ya kulipuka kwa zile zilizolipuka. Sijui alivijulia wapi.

#7 Mkutubi wa Zamani

Dada Mama Pacha, alivijulia kwa kusoma. Nitarudi kwenye hilo baadaye. Kwanza nina swali kwa mleta uzi: kitabu hicho chenye tiketi ukurasa wa 46 ni kitabu gani, na nani alikichagua?

Ninauliza kwa sababu nimekaa nyuma ya meza ya kuazimisha vitabu kwa zaidi ya miaka 20, na meza hiyo inafundisha. Ukitaka kujua watoto wanapenda nini usiwaulize, maana watakutajia kile wanachodhani unataka kukisikia. Tazama migongo ya vitabu. Vile vilivyosifiwa na kupewa tuzo mara nyingi vilirudi vikiwa vimenyooka kama vilivyotoka kiwandani. Vilivyorudi vimeachia gundi, kurasa zimekunjwa pembe, na pengine alama ya mafuta ya vidole kwenye picha, vilikuwa vya vichekesho, vya mizimu, vya wanyama wakali, vya rekodi za dunia, vya mpira, na ile mifululizo ambayo kitabu cha saba kinafanana na cha sita kama maji na maji. Watu wazima huidharau mifululizo, ilhali kwa mtoto wa miaka 8 au 9 kule kufanana ndiko kunakomsaidia: wahusika anawajua na mwendo wa hadithi anaujua, kwa hiyo nguvu zake zote zinaenda kwenye kusoma.

Kisha inafika miaka 11 hadi 13, na hapo niliwapoteza wengi kwa sababu ya fanicha. Sitanii. Upande wa watoto kulikuwa na viti vya kufika magotini na michoro ya tembo ukutani, na kijana wa miaka 12 hawezi kuonekana huko. Upande wa watu wazima kulikuwa na kimya na macho ya kumwuliza amepotea au vipi. Katikati hapakuwa na kitu, si kiti wala rafu. Vitabu vyenyewe vilikuwa hivyohivyo: huku sungura anajifunza kusema ukweli, kule ndoa inavunjika kwa kurasa 400.

#8 Mzazi Msomaji

Mkutubi, umenishika pabaya. Nilikichagua mimi. Ni kitabu nilichokipenda nilipokuwa na umri wake, na nilimwambia hivyo nilipokuwa nikimkabidhi.

#9 Nyuki Mkavu

Basi hukumpa zawadi, ulimpa urithi. Na urithi ndugu yangu huwa unagombaniwa au unatelekezwa.

#10 Nina Miaka 16

Shikamooni wakubwa zangu. Nimekuwa nikisoma jukwaa hili kimyakimya, ila leo mnatuzungumzia sisi kana kwamba hatujui kusoma hata uzi.

Mimi ninasoma sana, pengine kuliko wazazi wangu, lakini hakuna anayeniona nikisoma. Ninasoma hadithi zinazotolewa sura moja moja kwenye simu, ambapo kila wiki mwandishi anaweka sura mpya na sisi wasomaji tunabishana chini yake, tunamwomba asimwue fulani, tunamsahihisha alipomvalisha mhusika shati jekundu wakati sura ya 12 alisema ni la bluu. Juzi nilikuwa sura ya 61. Baba aliingia, akaniambia niweke simu chini nishike kitabu. Niliweka simu chini, nikashika kitabu, nikakikodolea macho hadi alipotoka.

La pili ambalo hamjalitaja ni jalada. Kitabu kina jalada, na jalada linaonekana. Ukiwa na miaka 13, kusoma kitabu mbele ya watu ni kama kuvaa tangazo kifuani: wenzako wataliona, mama ataliona, na kila mmoja atakuwa na maoni. Kwenye simu hakuna anayejua kama ninasoma mapenzi, vita au namna ya kutunza samaki. Mzazi Msomaji, pole, lakini kama mimi ningejua kwamba kuna mtu anaichunguza alama yangu ya kitabu kila anapotandika kitanda, nisingeisogeza tena. Na kitanda ningetandika mwenyewe.

#11 Mzazi Msomaji

Marahaba mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili.

#12 Mfasiri Mvivu

Kijana wetu wa #10 ameigusa historia pasipo kujua. Riwaya ya kwanza ya Charles Dickens ilianza kutoka mwaka 1836 kwa mtindo huohuo wa vipande vya kila mwezi, na watu walisubiri kipande kinachofuata kama yeye anavyosubiri sura ya 62. Nako Japani, mwaka 2007, riwaya 5 kati ya 10 zilizouzwa zaidi zilikuwa zimeanza kama riwaya za simu, nyingi zikiandikwa na wasichana kwa vidole gumba na kusomwa na rika lao. Zilipochapwa kwenye karatasi, vijana walewale waliokuwa wamezisoma bure walizinunua. Kwa hiyo, Nyuki Mkavu, mshtakiwa wako wakati mwingine ni duka la vitabu.

#13 Nyuki Mkavu

Sijakanusha kwamba herufi zinaonekana kwenye kioo. Ninachosema ni kwamba kila sura ya 61 ina majirani elfu wanaobisha hodi kwenye kifaa hichohicho: ujumbe, video, michezo. Binti au kijana wa #10 ana nidhamu ya kufika sura ya 61. Wangapi wanaishia sura ya 2 kwa sababu simu ililia? Kitabu cha karatasi hakiliagi.

#14 Jicho Moja

Ninaomba kuleta kisa ambacho hakijaguswa. Mwanangu wa kike aliacha kusoma alipokuwa na miaka 9. Tulishutumu kila mliyemshutumu hapa, tukabadilisha vitabu, tukaficha simu, tukakaa kikao cha familia. Siku moja nikamwomba anisomee maandishi ya bango, naye akasogea karibu nalo hatua nne kabla hajaanza. Alihitaji miwani. Baada ya wiki mbili alirudi kwenye vitabu vyake kana kwamba alikuwa ametoka kidogo kwenda kunywa maji.

Tangu hapo mtu akiniambia mtoto wake "hapendi" kusoma, huwa ninauliza kama anaweza kusoma bila kuteseka. Si macho peke yake. Kuna watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kusoma maneno, waliofika sekondari bila mtu kugundua, kwa sababu wamekuwa mahodari wa kukariri na kubahatisha. Na kuna wengi wasio na tatizo la kitabibu ila kasi yao ni ndogo: wanatamka neno baada ya neno, na wakifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshatoroka. Kwa mtoto kama huyo kusoma hakujawahi kuwa raha hata siku moja, kwa hiyo hakuna raha ya kumrudishia. Mwaka 1986 mtafiti Keith Stanovich aliliita hali hii kwa jina la Mathayo, kutokana na lile neno la Injili kwamba mwenye kitu ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa hata alicho nacho. Anayesoma kwa wepesi husoma zaidi, akapata msamiati zaidi, akazidi kuwa mwepesi. Anayekwama huepuka, na kila mwaka pengo linapanuka.

Kipimo cha nyumbani ninachokitumia ni cha vidole vitano. Mtoto afungue ukurasa wowote, akunje kidole kimoja kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kisubiri, au asomewe.

#15 Chaki Nyeupe

Jicho Moja amenikumbusha kwamba nimekuwa nikihukumu nia za watoto kabla ya kupima uwezo wao. Ila ninaongeza tahadhari moja kuhusu vidole: kisiwe kibali. Nimewahi kumwona mtoto mwenye wazimu wa dinosaria akipenya kwenye kitabu ambacho vidole kumi visingetosha.

#16 Mkutubi wa Zamani

Hapo ndipo nilipoahidi kurudi. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie walichukua wanafunzi 64 wa umri wa kama miaka 12 hadi 14, wakawagawa kwa mambo mawili: uwezo wao wa kusoma, na ujuzi wao wa mchezo wa besiboli. Wakawapa kisa cha mechi moja wasome, kisha wakieleze. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikielewa na kukikumbuka vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Dada Mama Pacha, mwanao wa roketi si mtoto asiyesoma. Ni msomaji mwenye somo moja. Tatizo ni kwamba sisi tukisema "kusoma" huwa tunamaanisha riwaya, na asiyependa riwaya tunamwandika katika orodha ya waliopotea. Nimeazimisha vitabu vya injini kwa wavulana ambao wazazi wao waliniapia kwamba hawajawahi kumaliza kitabu. Nao walikuwa sahihi, hawakuvimaliza. Walivisoma kutokea katikati, wakaruka, wakarudi, wakaviazima tena.

#17 Mama Pacha

Mkutubi, nimekwenda kuangalia chini ya godoro lake. Kuna vitabu viwili vya maktaba ya shule vilivyopaswa kurudishwa muhula uliopita, vyote vya anga. Nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja.

Lakini niliwahi kujaribu njia nyingine ambayo ninawaonya nayo. Niliwaahidi pesa kwa kila kitabu kitakachomalizwa. Yule msomaji alianza kuchagua vitabu vyembamba, akaniuliza kama kitabu cha picha cha kurasa 24 kinahesabika. Yule wa roketi alifanya hesabu, akaniambia malipo hayalingani na kazi. Nilipoisitisha ahadi, msomaji wangu alikaa karibu mwezi mzima bila kushika kitu.

#18 Mfasiri Mvivu

Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1973 ulioonyesha jambo hilohilo, kwamba watoto wakilipwa kwa kusoma wanaacha kupenda kusoma.

#19 Takwimu Tu

Ninaomba kumsahihisha Mfasiri kwa heshima. Utafiti wa 1973, wa Mark Lepper na wenzake wawili, haukuhusu kusoma. Ulihusu watoto wa chekechea wenye miaka 3 hadi 5, nao walikuwa wakichora kwa kalamu za rangi, kazi ambayo tayari waliipenda. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe, la pili likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa bila ahadi, na la tatu halikupewa kitu. Wiki chache baadaye, kwenye muda wao huru, wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Wale wa kushtukizwa hawakupungukiwa. Kwa hiyo ahadi ndiyo iliyoharibu, cheti chenyewe hakikuwa na neno.

Suala hili halijaisha. Mwaka 1994 Judy Cameron na David Pierce walikusanya tafiti nyingi wakasema madhara ya zawadi yametiwa chumvi. Mwaka 1999 Edward Deci na wenzake wakakusanya tafiti 128 wakajibu kwamba madhara yapo, hasa kwa zawadi za kushikika zilizoahidiwa mapema, na kwamba sifa za mdomo hazina madhara hayo. Pia tuangalie kwamba jaribio la 1973 liliwahusu waliokwisha kuipenda kazi. Mtoto ambaye hajawahi kupenda kusoma hana upendo wa kupoteza, hivyo zawadi ndogo ya kumfikisha kitabu cha kwanza ni hoja tofauti.

#20 Nyuki Mkavu

Kwa hiyo dawa ni kuwashtukiza. Nitamvizia wangu nyuma ya mlango nikiwa na utepe.

#21 Bundi wa Alfajiri

Nimechelewa kuingia. Hakuna aliyesema neno kuhusu katuni na hadithi za picha, ambazo ndizo zilizonifanya msomaji. Mjomba wangu alikuwa akizikusanya na kuzitupa akisema zinalemaza akili. Naye hakuwa peke yake duniani: mwaka 1954 kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliketi kusikiliza ushahidi kwamba hadithi za picha zinawaharibu vijana, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali mwaka huohuo. Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu maneno adimu katika kila maneno 1,000 ya maandishi na mazungumzo mbalimbali. Vitabu vya watoto vilikuwa na 30.9. Mazungumzo ya watu wazima wenye shahada yalikuwa na 17.3. Hadithi za picha zilikuwa na 53.5.

#22 Chaki Nyeupe

Takwimu nzuri, ila hesabu hiyo ilifanywa kwa Kiingereza, kwa hadithi za picha za Marekani za wakati ule, ambazo zilijaa wanasayansi wendawazimu wanaopenda maneno marefu. Nisingeihamishia katuni zote za lugha zote. Ninachokichukua humo ni ile ya 17.3: hata mzazi msomi hawezi kumpa mtoto kwa maongezi ya mezani msamiati ambao ukurasa unampa.

#23 Jicho Moja

Walimu, je, zile dakika 15 za kila mtu kusoma kimya darasani zinasaidia? Kwa binti yangu zipo.

#24 Chaki Nyeupe

Inategemea unamsikiliza nani. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji nchini Marekani lilisema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba kusoma kimya darasani kunaongeza ufasaha wa kusoma. Wengi walinukuu kana kwamba jopo limesema hakusaidii, jambo ambalo halikulisema. Stephen Krashen, mtetezi mkubwa wa kusoma kwa hiari, alilipinga jopo hilo kwa nguvu. Kwa macho yangu, dakika hizo hufa pale mwalimu anapozitumia kusahihisha madaftari. Watoto huinua macho, wakiona mimi sisomi wanajua ni kipindi cha kunyamazishwa. Nilipoanza kusoma nao, riwaya yangu mwenyewe, bila kuwauliza chochote, wasumbufu walibaki wasumbufu lakini walinong'ona. Na kuna siku nilicheka peke yangu kwa sauti. Wanafunzi watatu walikuja mezani baadaye kuuliza ukurasa gani.

#25 Mkutubi wa Zamani

Kuna Mfaransa, Daniel Pennac, aliyekuwa mwalimu kama wewe. Mwaka 1992 alitoa kitabu chenye orodha ya haki kumi za msomaji, na haki ya kwanza ni haki ya kutosoma. Zimo pia haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza. Watu hubandika orodha hiyo ukutani wakasahau alichokifanya darasani: aliwasomea kwa sauti vijana wa sekondari waliosema wanachukia vitabu, bila kuwadai maelezo. Mzazi Msomaji, kwenye #1 ulisema ulijistaafisha siku alipoweza kusoma mwenyewe. Mimi ninadhani hapo ndipo penye uzi wako, kuliko kwenye maswali. Kwa mtoto ilikuwa kama adhabu ya kufaulu: amejua kusoma, na malipo yake ni kwamba sauti yako imeondoka.

#26 Mama Pacha

Mkutubi, mimi sikustaafu hadi walipofika miaka 12, na bado mmoja anasoma na mwingine ana roketi. Hoja yako ni nzuri lakini haivuki kizingiti cha nyumba yangu.

#27 Nina Miaka 16

Mama Pacha, samahani, lakini wote wawili wanasoma. Umevikuta chini ya godoro.

#28 Mama Pacha

Haya, umenishinda. Lakini vinarudishwa kesho.

#29 Mzazi Msomaji

Ninarudi baada ya siku tisa. Sijaupata mshindi kati yenu, na ninaona kila mmoja ana kipande. Macho yake yamepimwa, ni mazima, Jicho Moja ahsante. Kitanda anatandika mwenyewe sasa, na sijui tiketi iko ukurasa gani, ingawa mkono uliniwasha mara mbili.

Nilichojaribu ni hiki. Nilichukua kitabu cha safari za baharini, cha kweli, chenye meli iliyonaswa barafuni, nikaanza kumsomea mdogo wake wa miaka 8 sebuleni, mlango ukiwa wazi. Jioni ya kwanza mkubwa alipita mara moja kuchukua chaja. Ya pili alipita mara tatu, na chaja alikuwa nayo mkononi. Ya nne alisimama mlangoni akaniambia kwamba ninaharakisha mno pale penye barafu. Jana nilikuta mdogo amekasirika kwa sababu kitabu hakipo mezani. Sijauliza kiko wapi.

#30 Nyuki Mkavu

Na simu yake ilikuwa wapi muda wote huo?

#31 Mzazi Msomaji

Kwenye chaja.

#32 Nyuki Mkavu

Sina swali lingine, mheshimiwa.

#33 Bundi wa Alfajiri

Kabla uzi haujafungwa: wangu ana miaka 5 na anataka kitabu kilekile kila usiku, na nikiruka hata neno moja ananirudisha nyuma. Nimekisoma zaidi ya mara 40. Je, nimbadilishie?

#34 Mkutubi wa Zamani

Usimbadilishie. Siku moja jifanye umesahau neno la mwisho la kila ukurasa, uone nani anasoma.